Kibaba cha Kwenda Nacho Nyumbani

Watu wakisikia kwamba nilifanya kazi misheni, kwenye nyumba ya wagonjwa, enzi za Mdachi, huniambia, "Bibi, basi wewe ulikula vizuri." Neno hilo hunikera hata leo, nami meno ya kusagia hasira sina tena. Nilikula vizuri lini? Ngoja niandike, kwa hati hii ya kukwaruza niliyofundishwa na wamisheni hao hao, maana wajukuu wamechoka kusikiliza na mimi sijachoka kusema. Majina ya wote ninayo kichwani, hata la punda. Sitayaandika. Wenyewe wameacha watoto na wajukuu hapa hapa, na jina moja kati ya hayo sijalitamka tangu nilipoolewa.

Nilikuwa nimeolewa upande wa Msalato, nina mtoto mmoja wa kike, bado ananyonya. Mume wangu alikuwa amekwenda pwani na mizigo ya watu, habari zake zikakatika. Ndani ya tembe tulibaki wanne: mimi, mtoto, mama mkwe na baba mkwe. Mvua ilikuwa imekataa. Mbuzi tuliwauza mmoja mmoja kwa wafanyabiashara wa Kirangi waliokuja kwa njia ya Chemba, mpaka zizi likabaki na harufu tu.

Ndipo baba mkwe akaenda kuomba kazi misheni, iliyokuwa kati ya Msalato na Makole. Akapewa punda wa kubebea maji kutoka visima vya mchangani, kule korongoni. Baadaye na mimi nikapewa kazi: kufua matambaa ya vidonda, kusaga uwele, kufagia. Mwenye mji ule alikuwa Bibi wa Kizungu, mrefu, mwenye haraka, anayejua dawa. Mgonjwa hakutozwa kitu. Kila kilichokuwamo kilitoka kwenye michango ya makanisa ya kwao, kwa hiyo kila kitu kilipimwa. Sabuni ilikatwa kwa uzi. Tambaa la kidonda lilifuliwa mpaka likawa kama utando wa buibui. Na sisi wafanyakazi tulipimwa vivyo hivyo.

Mshahara wa mwezi ulikuwa wa rupia, lakini rupia zile zilipita tu mkononi zikienda kwenye kodi ya nyumba. Tulichoishi nacho ni posho: kila jioni, mlangoni pa ghala, kibaba kimoja cha uwele kwa kila mtu. Vibaba viwili basi, changu na cha baba mkwe, kwa matumbo manne. Usidhani hiyo ni hesabu nyepesi. Konzi moja niliiweka kando kwa ajili ya chumvi. Konzi nyingine ilikwenda kwa jirani aliyekuwa bado na ng'ombe mwenye maziwa. Kilichobaki nilikisaga na pumba zake zote, sikupepeta kitu. Asubuhi uji wa ubuyu kwa mtoto, jioni ugali laini na mlenda wa majani makavu. Uwele ukiwa bado punje, unaweza kuusemesha: leo ongeza maji, kesho toa konzi, keshokutwa azima. Ukishakuwa ugali umekwisha kuamua wenyewe utamshibisha nani.

Sasa nieleze jambo ambalo wajukuu wangu wa mjini hulicheka. Kwetu, mke hamtazami usoni baba wa mumewe, hamtaji jina, wala hali mbele yake. Na yeye vile vile hali mbele ya mke wa mwanawe. Huo si ugomvi, ni heshima, tena ya pande mbili. Asubuhi alitangulia yeye kwenda kazini, nami nilisimama mlangoni mpaka mgongo wake uwe mdogo njiani, ndipo nitoke. Tukikutana uani misheni, nilichepuka nikachuchumaa nimegeuza uso, naye alikohoa kunijulisha kwamba ameshapita. Na akiwa na neno la kuniambia, alimwambia punda.

"Wewe punda," husema kwa sauti, akifunga viriba, "mtoto wa nyumbani alikuwa na kikohozi. Mama yake angemtafutia asali."

Nami nikiwa nimeinamia matambaa yangu humjibu punda: "Punda, asali iko wapi mwaka huu?"

"Punda, kweli. Nimesahau. Uzee huu."

Punda yule alijua mambo yote ya ukoo wetu.

Tuliishi hivyo, kwa kujibana, lakini tuliishi. Kisha siku moja mwanamke mmoja, mwenzetu wa kufua, akaanguka uani na mtungi wake kichwani. Mtungi ukavunjika. Bibi akaja mbio, akamshika mkono, akamfunua jicho.

"Huyu hana ugonjwa," akasema. "Huyu ana njaa. Posho yako unakula wewe?"

"Nakula, Bibi. Mimi na watoto."

"Wangapi?"

Mwenzetu akaanza kuokota vigae vya mtungi, maana kwetu watoto hawahesabiwi hivyo mbele ya watu.

Jioni ile tulikusanyika mlangoni pa ghala na vikapu vyetu kama kawaida. Bibi akasimama kizingitini. Kando yake alisimama msimamizi wetu, mtu wa pwani, kanzu nyeupe, mdomo mkali.

"Kuanzia kesho sipimi nafaka tena," Bibi akasema. "Chakula kitapikwa hapa, mtakula hapa, mchana, mbele ya macho yangu. Mnapeleka posho nyumbani halafu mnaniangukia. Watu wa kwetu wametoa sadaka zao kwa ajili ya wagonjwa. Siwezi kulisha kijiji kizima."

Mtu mmoja akauliza, "Na kitakachobaki, Bibi?"

"Hakitabaki."

Tukaangaliana. Msimamizi akacheka. "Mbona mmenuna? Mnapikiwa kama masultani, na bado mnataka kulia!"

Nilirudi nyumbani na kikapu kitupu. Mama mkwe alikuwa ameshachemsha maji.

"Kibaba kiko wapi?"

"Hakuna kibaba, mama. Wamesema watapika kule kule."

"Watapika kule kule," akarudia, akiyatazama maji yake. "Na sisi tuliomo humu watatupika lini?"

Kesho yake tukaitwa kwenye kibanda cha nyasi. Palikuwa na benchi moja refu na mabakuli yamepangwa, ugali mgumu, wa moto, na kunde. Harufu yake naisikia hata sasa. Niliketi, nikanyanyua macho, na kule mwisho wa benchi namwona baba mkwe anaketi. Akaniona. Palepale akageukia ukuta, nami nikageukia ua. Mikono yangu ikabaki mapajani. Wenzetu wakaanza kula kwa haraka, wakitutazama kwa pembe za macho, maana walijua. Ugali wangu ukapoa, ukafanya ngozi juu. Bibi alikuwa mlangoni amekunja mikono.

Walipoinuka nilikata bonge nikalitia kwenye pindo la kaniki. Msimamizi akaniona.

"Toa hicho, mama. Leo umebeba ugali, kesho utabeba chungu."

"Ni wangu. Sikuula."

"Wako ukiwa tumboni. Nje ya tumbo ni wa misheni."

Nikautoa. Ukapewa mbwa. Mbele yangu, mbwa akala posho ya mwanangu na kutikisa mkia.

Baba mkwe naye alijaribu lake. Siku iliyofuata alichukua bakuli akaenda kula bandani kwa punda. Bibi akamfuata, akamrudisha kwa upole, amemshika mkono kama kipofu. "Mzee, mtu hali na wanyama. Kaa hapa na wenzako." Akakaa. Akageukia ukuta.

Nilipoonekana sili, Bibi aliniita kwenye chumba cha dawa, akanitazama ulimi, akanipa kwinini. Nikanywa dawa ya homa bila homa, kwenye tumbo tupu. Masikio yalilia mpaka jioni kama nimeingiza nyenje kichwani. Nikaona basi, lazima niseme.

"Bibi, siumwi. Yule mzee ni baba wa mume wangu. Siwezi kula mbele yake."

"Mmegombana?"

"Hapana. Tunaheshimiana."

"Wanaoheshimiana hula pamoja," akasema, na uso wake ukang'aa kwa kuwa ameuona ugonjwa sasa. "Hapa sote ni watoto wa Baba mmoja."

"Basi nipe kibaba changu kikavu, Bibi. Hata nusu. Nina mtoto nyumbani."

"Nikikupa wewe nitawapa wote, na wote mtaanguka. Ukila wewe, mtoto atapata maziwa. Si ndivyo?"

Ndivyo. Hapo ndipo paliponikera zaidi: kila alilosema lilikuwa kweli, na kweli zake zote zikijumlishwa zilikuwa njaa kwangu. Kesho yake akaja na dawa ya ugonjwa wetu. Alituketisha ubavu kwa ubavu, mimi na baba mkwe, na katikati yetu akaweka bakuli moja. Bakuli moja! Mwanamke mmoja akafunika macho yake, kana kwamba aibu ni yake. Baba mkwe akavuta shuka lake akajifunika kichwa chote, akakaa vile kama gunia mpaka chakula kikaisha kwa wengine.

"Wagogo nyinyi," msimamizi akasema, "mtakufa na adabu zenu."

Nilikuwa naishi kwa unga niliolamba kiganjani wakati wa kusaga. Maziwa yakapungua, kisha yakawa kama jasho tu. Mama mkwe alimpa mtoto maji ya ubuyu na mlenda, akimwimbia. Jioni hunipokea kwa maneno.

"Mnanuka kunde, wewe na huyo mzee."

"Sikula, mama."

"Mnakaa penye chakula hamli, mnakuja pasipo chakula mnakodoa macho. Hiyo ndiyo kazi ya Wazungu?"

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mtoto mgongoni aliyekuwa mwepesi zaidi kila siku. Nywele za mtoto zilianza kuwa nyekundu. Mwanzoni alilia sana. Kisha akaacha kulia, na hapo ndipo mimi na mama mkwe tulipoacha kugombana, maana mtoto anayelia njaa bado ana nguvu ya kulia.

Asubuhi moja, nikiwa nafua, baba mkwe alimleta punda karibu kuliko kawaida. Akasimama ameligeuzia mgongo karai langu.

"Wewe punda," akasema, "kesho utaongozwa na mtu mwingine. Mimi nakwenda kwenye ujenzi wa reli. Kule wanapima unga, mtu anaondoka nao. Na huku mke wa mwanangu atakula, maziwa yarudi."

Mikono yangu ikasimama ndani ya maji. "Punda," nikasema, "mwambie mzee kupasua mawe ni kazi ya vijana."

"Punda, mwambie hata vijana wenyewe hawaiwezi." Na nikamsikia akicheka, kicheko kidogo cha puani. "Lakini punda, wewe una ushauri mwingine?"

Punda hakuwa nao. Mimi pia.

Akaenda. Siku hiyo kwenye kibanda nilikula. Nilikula mpaka msimamizi akasema, "Kumbe mama huyu ana tumbo!" Maziwa yakaanza kurudi, kidogo kidogo. Baba mkwe akaleta unga mara moja, begani, uliokuwa umechanganyika na vumbi la mawe. Mama mkwe aliuchekecha akilia. Nikasema, basi, tumepona, japo kwa mgongo wa mzee.

Hatukupona. Mara ya pili hakuja na unga, aliletwa. Vijana wawili walimbeba kwa machela ya miti mpaka misheni. Jiwe lilikuwa limeporomoka likamsaga mguu. Wakamweka chini, wakaondoka mbio warudi kazini kwao.

Bibi akatoka, akautazama mguu, akageuka akanikuta mimi nimesimama na ufagio.

"Maji ya moto. Msafishe."

Kila mtu uani alisimama. Wenzangu walinitazama. Kumshika mguu baba wa mume wangu! Naye pale chini alikuwa amefumba macho kwa nguvu, si kwa maumivu tu. Nikaenda, nikaleta maji. Kisha nikavua mbeleko yangu ya kumbebea mtoto, niliyokuwa nimejifunga kiunoni, nikageuza uso, nikaitandaza juu ya kichwa chake, ikamfunika mpaka kifuani. Hapo nikapiga magoti.

Nilipogusa kidonda akashusha pumzi. Kutoka chini ya kitambaa nikasikia, "Punda hayupo hapa."

"Hayupo," nikasema.

"Basi nimwambie nani?"

"Uambie mguu."

"Wewe mguu," akasema, "mwambie huyu mtoto wa watu asante."

Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu. "Kwa nini umemfunika? Hajafa."

"Ili niweze kumwosha, Bibi."

Bibi alisimama pale mpaka nilipomaliza. Na kesho yake mchana, nilipoingia kwenye kibanda, nikakuta pazia. Kipande cha marekani kimetundikwa kwa kamba katikati ya benchi, upande huu na upande ule.

"Sasa kila mtu atakula," Bibi akasema, na alikuwa na furaha kabisa, kama amevumbua dawa.

Nililitazama pazia lile. Upande wa pili wa benchi palikuwa wazi. Mwenyewe aliyetundikiwa alikuwa kwenye chumba cha wagonjwa na mguu uliosagika. Nilitamani kuling'oa nilipasue vipande vipande. Kitambaa! Kilikuwamo ghalani siku zote, kimekunjwa, juu ya magunia. Nani kati yetu alikosa akili, yeye asiyetundika au mimi nisiyeomba? Mimi niliomba kibaba. Sikufikiri kwamba mtu anaweza kuomba pazia.

Lakini kulikuwa na sheria nyingine pale, ambayo nilikuwa naiona kila siku bila kuiona. Wagonjwa walipikiwa na watu wao, uani, kwa hiyo wao walipimiwa nafaka kavu. Asubuhi msimamizi alipita na kibaba.

"Mzee huyu wa mguu, ndugu yake nani?"

"Mimi," nikasema.

"Wewe ni mfanyakazi. Unakula kibandani."

"Na mama mkwe wangu?"

Akashusha pumzi, akanimiminia. Kibaba kile kile, kikavu, punje kwa punje, kwenye kikapu kile kile. Jioni mama mkwe akahamia uani misheni na chungu chake na mtoto mgongoni. Uji wa mgonjwa ulipikwa mwingi na mwepesi. Mgonjwa alikunywa kidogo, akasema hana hamu, akaurudisha. Mtoto alikunywa. Alianza tena kulia, tukafurahi.

Mvua zikaja mwaka ule. Tulipanda kwa kupokezana, na uwele ukaota, ukarefuka, lakini bado ulikuwa majani. Na mguu wa baba mkwe ulikuwa unafunga. Mimi ndiye niliyeuosha kila asubuhi, yeye chini ya mbeleko, na kila asubuhi kidonda kilikuwa kidogo kuliko jana, nami moyo unanishuka. Hebu fikiria: unaosha kidonda cha mzee wako huku unakiomba kisipone upesi.

Ikafika siku hakikuwapo tena. Ngozi ilikuwa imekaza, inang'aa. Nikaufunga mguu hivyo hivyo. Bibi akapita na msimamizi wake.

"Mguu unaendeleaje?"

Chini ya mbeleko baba mkwe akaguna mguno wa kutisha. Mama mkwe, ambaye hakuumwa kitu, akaguna naye.

Bibi akachutama, akafungua tambaa mwenyewe. Akautazama mguu. Akapitisha kidole juu ya kovu. Kisha akamtazama mtoto, ambaye alikuwa amekaa kwenye mapaja ya mama mkwe na uji umemkaukia kidevuni. Kisha akanitazama mimi. Mimi nikatazama chini.

"Bado kidogo," akasema, akafunga tambaa safi.

"Lakini Bibi," msimamizi akasema, "mguu huu mbona..."

"Nimesema bado."

Ukawa bado mpaka uwele ulipotoa punje, tukaanza kufukuza ndege shambani.

Wajukuu wakisikia hapo husema, "Basi Bibi yule alikuwa mwema." Sikatai. Lakini niambieni, kama aliweza kupima kibaba kwa ajili ya mguu uliopona, kwa nini hakuweza kukipima mguu ulipokuwa bado mzima? Sadaka ni zile zile, ghala ni lile lile. Nilimhudumia miaka baada ya hapo, na sheria ya kula kibandani hakuiondoa. Pazia lilichakaa, akatundika jingine.

Baba mkwe alirudi kwa punda wake. Alikula upande wake wa pazia na mimi upande wangu, namsikia akitafuna. Lakini mguu ule haukunyooka tena. Asubuhi alitangulia kama zamani, akiburuza, na mimi nilisimama mlangoni nikingoja mgongo wake uwe mdogo. Haukuwa mdogo upesi. Jua lilipanda, mtoto akawa anakimbia uani, mama mkwe akawa anasema, "Nenda, utachelewa," nami nilisimama pale pale, namtazama anavyokwenda, hatua na kupumzika, hatua na kupumzika. Nilichelewa kazini karibu kila siku. Msimamizi alinikaripia, Bibi akanikata mshahara, na sikuwaeleza kitu.